Kaboni ya Wingu Ipimwe kwa Umeme, Isikisiwe kwa Ankara: Barua ya Wazi kwa Taasisi za Wahasibu Afrika Mashariki

Kwa: ICPAK ya Kenya, NBAA ya Tanzania na ICPAU ya Uganda

YAH: UKUSANYAJI WA KIMFUMO WA TAKWIMU ZA GESIJOTO ZITOKANAZO NA HUDUMA ZA WINGU

Huduma za kompyuta za wingu hutumia umeme, na umeme huo huzalisha gesijoto popote unapofuliwa kwa makaa ya mawe, mafuta au gesi. Benki inayohifadhi kumbukumbu za wateja wake Johannesburg, kampuni ya bima inayoendesha mfumo wa madai kutoka Dublin na chuo kikuu kinachotunza masomo ya mtandaoni Frankfurt, zote zina fungu lao katika moshi wa mitambo ya umeme ya huko, hata kama ndani ya majengo yao hakuna seva hata moja. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lilikadiria kwamba vituo vya data duniani vilitumia takriban terawati-saa 415 mwaka 2024, yaani kama asilimia 1.5 ya umeme wote uliotumika, na kwamba matumizi hayo yatakaribia terawati-saa 945 ifikapo mwaka 2030.

Kuziandika gesijoto hizi katika vitabu sasa ni kazi ya mhasibu. Mwezi Juni 2023 Bodi ya Kimataifa ya Viwango vya Uendelevu, ISSB, ilitoa viwango vya IFRS S1 na IFRS S2, vilivyoanza kutumika kwa vipindi vya hesabu vinavyoanza 1 Januari 2024 au baada ya hapo, kila nchi ikibaki na hiari ya kuamua lini na kwa nani. Kwa ratiba iliyotangazwa na ICPAK, taasisi zenye maslahi ya umma nchini Kenya zitaanza kwa lazima katika vipindi vinavyoanza Januari 2027, kampuni nyingine kubwa zifuate 2028, na kampuni ndogo na za kati 2029. Muda uliobaki ni mfupi, na ndio muda wa kuamua takwimu zitapatikana kwa njia gani.

Barua hii inahusu kipande kimoja tu cha kazi hiyo, kile cha huduma za wingu, na ina hoja moja. Takwimu za kaboni ya wingu zivutwe na mfumo kutoka kwenye chanzo chake kila mwezi, zihifadhiwe jinsi zilivyokuja, na zisitungwe mwishoni mwa mwaka kwa kuzidisha ankara na kigezo cha kukisia. Taasisi za wahasibu ndizo zenye mamlaka ya kuifanya njia hiyo kuwa desturi.

Mahali pa wingu katika vitabu vya kaboni

Kampuni nyingi duniani hupanga hesabu zake za gesijoto kwa kufuata GHG Protocol, mwongozo ulioandaliwa na taasisi za WRI na WBCSD, ambao toleo lake la kwanza lilitoka 2001 na kurekebishwa 2004. Mwongozo huo una mafungu matatu. Wigo 1 ni gesijoto zinazotoka kwenye vyombo vya kampuni yenyewe, kama magari na jenereta. Wigo 2 ni zile za umeme ambao kampuni imeununua na kuutumia. Wigo 3 ni zile zinazotokea kwa wengine kwa sababu ya shughuli za kampuni, na kiwango mahususi cha mwaka 2011 kimeugawa wigo huu katika makundi 15.

Kwa mteja, huduma ya wingu huingia Wigo 3, kundi la kwanza, la bidhaa na huduma zilizonunuliwa. Hapa ndipo kosa la kawaida hutokea. Mtoa huduma wa wingu humpa mteja ripoti iliyogawanywa Wigo 1, 2 na 3, lakini mgawanyo huo ni wake yeye mtoa huduma. Wigo 1 ni dizeli ya jenereta zake na gesi za mitambo yake ya kupoza, Wigo 2 ni umeme wa vituo vyake, na Wigo 3 ni utengenezaji wa seva, ujenzi wa majengo na mengineyo ya upande wa wasambazaji wake. Mhasibu anayenakili mistari hiyo mitatu na kuibandika kwenye mistari yenye majina hayohayo katika ripoti ya kampuni yake anavuruga vitabu. Dizeli iliyochomwa na mwingine inaonekana kama yake, na umeme ambao haujawahi kupita kwenye mita yake unajumlishwa na ule wa ofisini. Mistari yote mitatu ya mtoa huduma hujumlishwa na kuwa mstari mmoja wa Wigo 3 kwa mteja.

Hali ni tofauti kwa kampuni iliyokodi nafasi katika kituo cha data na kuweka seva zake yenyewe humo. Umeme wa seva hizo, kutegemea nani anaudhibiti na namna mipaka ya hesabu ilivyochorwa, unaweza kuwa wa Wigo 2. Kwa hiyo mkataba wa kituo cha data husomwa kabla ya hesabu yoyote kuanza.

Ankara haipimi umeme

Njia rahisi kuliko zote, na inayotumika sana, ni ile ya fedha. Idara ya fedha hujumlisha malipo ya mwaka kwa huduma za wingu, kisha huzidisha na kigezo kinachosema kila kiasi fulani cha fedha katika sekta ya teknolojia ya habari huambatana na kilo kadhaa za gesijoto. Kazi humalizika kwa mchana mmoja. Lakini fedha hupanda na kushuka kwa sababu zisizohusiana na umeme.

Chukua mfano wa kampuni ya Nairobi inayolipa dola 10,000 kila mwezi kwa huduma zilezile, kwenye seva zilezile. Mwishoni mwa 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 123 za Kenya, na malipo hayo yaliingia vitabuni kama shilingi 1,230,000. Mwishoni mwa 2023 dola ilifika karibu shilingi 156, na malipo yaleyale yakawa shilingi 1,560,000. Kigezo kikiwa kimewekwa kwa shilingi, au kikigeuzwa kwa kiwango cha zamani cha ubadilishaji, kaboni ya kampuni itaonekana kupanda kwa takriban asilimia 27. Mwaka 2024 shilingi iliimarika hadi karibu 129 kwa dola, na ripoti ya mwaka huo ingeonyesha kaboni imeshuka kwa asilimia 17. Bodi ya wakurugenzi ingepongezwa kwa mafanikio yaliyoletwa na soko la fedha za kigeni, ilhali hakuna seva iliyozimwa wala iliyowashwa.

Kufanya hesabu kwa dola tangu mwanzo hakuponyi tatizo. Mteja anayejifunga kwa mkataba wa mwaka mmoja au mitatu hupewa punguzo kubwa la bei, na seva yake huendelea kutumia umeme uleule. Kwa njia ya fedha, punguzo hilo husomeka kama upungufu wa gesijoto. Kinyume chake pia hutokea: kampuni inayohamisha mifumo yake kutoka kwenye gridi ya makaa kwenda kwenye gridi ya maji na nyuklia inaweza kupunguza kaboni yake mara nyingi, na bei ikabaki karibu ileile. Hesabu ya fedha haioni kitu, na kampuni haina njia ya kuonyesha jema ililolifanya.

IFRS S2 yenyewe imepanga daraja za ubora wa takwimu za Wigo 3. Inataka kipaumbele kiende kwa vipimo vya moja kwa moja, kwa takwimu zinazotoka kwenye shughuli mahususi za mnyororo wa thamani, kwa takwimu za wakati unaohusika, na kwa takwimu zilizothibitishwa. Hesabu ya fedha inaruhusiwa, ila iko chini kabisa ya ngazi hiyo. Pale takwimu za shughuli zinapopatikana bila gharama ya kuelemea, kubaki na makisio ya fedha ni kukwepa kusudi la kiwango.

Kutoka saa za seva hadi kilo za kaboni

Hatua inayofuata juu ya njia ya fedha ni kuhesabu kwa matumizi. Kila mtoa huduma wa wingu hutunza kumbukumbu za matumizi ya mteja: seva za aina gani, kwa saa ngapi, katika kanda ipi, na hifadhi ya ukubwa gani. Kumbukumbu hizo ndizo zinazozaa ankara, kwa hiyo zipo tayari. Mwaka 2020 kampuni ya Etsy ilichapisha njia yake ya kugeuza matumizi hayo kuwa umeme, na mwaka uliofuata Thoughtworks ilitoa Cloud Carbon Footprint, programu huria inayofanya hesabu hiyo kwa watoa huduma wakubwa watatu. Kanuni zake ziko wazi kwa yeyote kuzikagua.

Hesabu yenyewe inaweza kufuatwa kwa kalamu na karatasi. Kwa seva za AWS, huduma ya wingu ya Amazon, programu hiyo hukadiria kwamba prosesa pepe moja hutumia wastani wa wati 0.74 ikiwa haina kazi na wati 3.5 ikifanya kazi kwa nguvu zote. Pale ambapo kiwango halisi cha kazi hakijulikani, huchukuliwa kuwa nusu. Prosesa moja basi hutumia wati 2.12. Seva yenye prosesa nane hutumia karibu wati 17, na kwa mwezi wa saa 730 inafikia kilowati-saa 12.4. Kumbukumbu ya muda na hifadhi huongezwa kwa kanuni zake.

Juu ya hapo huongezwa umeme wa kupoza na kuendesha jengo. Kipimo kinachotumika ni PUE, kilichoenezwa na The Green Grid tangu 2007: umeme wote wa kituo ukigawanywa kwa umeme unaofika kwenye kompyuta. Kituo chenye PUE ya 1.5 hutumia nusu kilowati-saa ya ziada kwa kila moja inayofanya kazi ya kompyuta. Vituo vikubwa vya wingu huwa karibu na 1.1 hadi 1.2. Kwa PUE ya 1.135, seva ya mfano inafika kilowati-saa 14 kwa mwezi.

Baada ya hapo huja gridi, na gridi ndiyo inayoamua zaidi kuliko kitu kingine chochote katika hesabu hii. Afrika Kusini, ambako AWS, Microsoft na Google zote zina kanda za wingu, hufua sehemu kubwa ya umeme wake kwa makaa ya mawe, na kila kilowati-saa huambatana na karibu kilo moja ya gesijoto. Seva ile hutoa karibu kilo 14 kwa mwezi ikiwa huko. Ikihamishiwa Sweden, ambako maji, nyuklia na upepo hubeba karibu gridi nzima, inatoa chini ya kilo moja. Seva ni ileile, kazi ni ileile, na wateja wa Dar es Salaam au Kampala hawatajua kwamba imehama, ila kwa kuchelewa kidogo kwa majibu.

Mwisho kuna kaboni iliyofungwa ndani ya chuma chenyewe: uchimbaji wa madini, utengenezaji wa chipu, usafirishaji. Hii hugawanywa kwa miaka ambayo seva inatarajiwa kutumika. Watoa huduma wakubwa waliongeza umri wa kihasibu wa seva zao hadi miaka sita, Microsoft mwaka 2022 na Google 2023, na mabadiliko ya aina hiyo hupunguza mzigo wa kila mwaka bila seva yenyewe kubadilika. Mhasibu anayefahamu uchakavu wa mali atalielewa jambo hili mara moja, na ataona kwa nini toleo la kanuni lililotumika lazima liandikwe kando ya kila namba.

Kile ambacho watoa huduma hutoa tayari

Watoa huduma wakubwa wana ripoti zao za kaboni kwa wateja. Microsoft ilianza na kikokotoo chake Januari 2020, Google ikatoa Carbon Footprint Oktoba 2021, na AWS ikafuata Machi 2022. Ripoti hizi zina faida ambayo mteja hawezi kuipata peke yake, kwa kuwa mtoa huduma anajua umeme halisi wa vituo vyake. Zina pia tofauti zinazofanya kuzijumlisha kiholela kuwa hatari.

Tofauti ya kwanza ni njia ya kuhesabu umeme. Mwongozo wa Wigo 2 wa GHG Protocol, wa mwaka 2015, unatambua hesabu mbili. Hesabu kwa mahali hutumia wastani wa gridi ambako kituo kipo. Hesabu kwa mkataba hutambua mikataba ya umeme safi na vyeti ambavyo kampuni imenunua. Google imekuwa ikinunua umeme jadidifu unaolingana na matumizi yake yote ya mwaka tangu 2017, na Amazon ilitangaza kulifikia lengo hilo kwa mwaka 2023. Kwa hesabu ya mkataba, basi, umeme wa mteja unaweza kuonekana karibu na sifuri hata kama seva zake ziko kwenye gridi ya makaa. Ripoti ya AWS ilianza ikiwa na hesabu ya mkataba peke yake, na ya mahali ikaongezwa baadaye. Mteja aliyejumlisha namba ya mkataba kutoka kwa mmoja na namba ya mahali kutoka kwa mwingine alipata jumla isiyo na maana yoyote.

Wala umeme safi unaonunuliwa haufuti kila kitu. Katika ripoti yake ya mazingira ya 2024, Google ilisema gesijoto zake ziliongezeka kwa asilimia 48 kati ya 2019 na 2023, na ikataja umeme wa vituo vya data miongoni mwa sababu kuu. Ununuzi wa umeme safi uliendelea miaka yote hiyo. Msomaji wa ripoti anahitaji namba zote mbili ili kujua ni nini kilichonunuliwa na ni nini kilichochomwa.

Tofauti ya pili ni muda. Ripoti ya AWS ilipoanza ilichelewa miezi mitatu, huku Google ikitoa takwimu za mwezi katikati ya mwezi unaofuata. Kampuni inayofunga vitabu Desemba na kutumia watoa huduma wawili ingeweza kufika Februari ikiwa na mwaka mzima wa mmoja na miezi kumi ya mwingine.

Tofauti ya tatu ni kizio. Google hutoa kilo, AWS hutoa tani na kuzifupisha kwa herufi MT, ambazo msomaji asiyezoea anaweza kuzidhania kuwa megatani. Kosa la kilo dhidi ya tani ni la mara elfu. Katika lahajedwali linalojazwa kwa mkono na watu watatu, kosa hilo linaweza kupita bila kuonekana hadi limekwisha kuchapishwa.

Mfumo ulio sahihi una sehemu zipi

Kukusanya takwimu hizi kimfumo hakuhitaji programu ya gharama kubwa. Google huruhusu takwimu za kaboni zisafirishwe zenyewe kila mwezi kwenda kwenye hifadhidata ya mteja, na AWS na Microsoft zina njia zao za mfumo kuzivuta. Kijana mmoja wa TEHAMA anayejua kuandika maswali ya hifadhidata anaweza kuujenga. Kinachohitajika zaidi ni nidhamu ya kihasibu, na hatua zake ni hizi.

Hatua ya kwanza ni kuvuta. Kazi iliyopangiwa tarehe huchukua takwimu za mwezi uliopita kutoka kwa kila mtoa huduma na kuziweka kama zilivyo, bila kuguswa, pamoja na saa zilipochukuliwa na toleo la kanuni la mtoa huduma. Faili hilo ndilo hati ya chanzo, kama stakabadhi ilivyo kwa malipo. Hakuna mtu anayeruhusiwa kulihariri.

Hatua ya pili ni kulinganisha vizio na majina. Tani hugeuzwa kilo, mwezi huandikwa kwa namna moja, na kila akaunti ya wingu huunganishwa na idara au kampuni tanzu inayoitumia. Lebo za gharama ambazo idara ya fedha imezoea kuzitumia kugawa ankara zinafaa hapa pia.

Hatua ya tatu ni kukagua. Mfumo huhesabu makadirio ya pili kutokana na saa za seva, kwa kanuni ya wazi kama ile iliyoonyeshwa juu, na kuyaweka kando ya namba ya mtoa huduma. Namba hizi mbili hazitalingana kamwe, lakini zinapaswa kwenda pamoja. Moja ikipanda na nyingine ikishuka, mtu lazima aulize kwa nini. Hii ndiyo kinga ya mteja, kwa sababu namba ya mtoa huduma hutoka kwa muuzaji, na muuzaji ana maslahi katika namba hiyo. Mwezi usio na takwimu huachwa wazi na kuonyeshwa kuwa wazi. Kamwe haujazwi sifuri.

Hatua ya nne ni kufunga. Kipindi kikishapita na kuidhinishwa, namba zake hufungwa. Mtoa huduma akibadilisha kanuni na kurekebisha miezi ya nyuma, kama watoa huduma wanavyofanya mara kwa mara, marekebisho huingia kama ingizo jipya lenye maelezo, na namba ya zamani hubaki ionekane.

Mkaguzi akifika anakuta njia nzima kutoka kwenye ripoti hadi kwenye faili la chanzo. Hilo lina uzito wa pekee sasa, kwa kuwa bodi ya kimataifa ya viwango vya ukaguzi, IAASB, imetoa kiwango cha ISSA 5000 cha uthibitisho wa taarifa za uendelevu, kinachoanza kwa vipindi vinavyoanza 15 Desemba 2026 au baadaye. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kaboni iliyokisiwa kwenye lahajedwali la mtu mmoja haina daftari.

Vituo vya nyumbani na mawakala

Sehemu kubwa ya mjadala huu duniani huwahusu watoa huduma watatu wakubwa. Afrika Mashariki ina mambo mawili ya ziada.

Jambo la kwanza ni vituo vya data vya hapa, vya Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala. Wateja wa vituo hivi wana bahati ya gridi: umeme wa Kenya hutoka kwa takriban asilimia 90 kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, wa Uganda kwa sehemu kubwa kwenye maji, na Tanzania imeongeza bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Kampuni inayohifadhi data zake kwenye gridi hizi ina habari njema ya kuripoti, lakini haiwezi kuiripoti bila takwimu. Kituo kinapaswa kumpa kila mteja mambo matatu kwa mwezi: kilowati-saa zilizosomwa kwenye mita ya kabati lake, PUE ya mwezi huo, na lita za dizeli zilizochomwa na jenereta pamoja na fungu la mteja katika lita hizo. Dizeli isisahauliwe, kwa kuwa kila lita huzalisha karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa, na pale umeme unapokatika mara kwa mara jenereta huondoa sehemu ya faida ya gridi safi.

Jambo la pili ni mawakala. Kampuni nyingi za ukanda huu hununua huduma za wingu kupitia wakala anayelipa kwa dola na kuwatoza wateja wake kwa shilingi. Takwimu za kaboni hufuata akaunti ya malipo. Akaunti hiyo ikiwa mikononi mwa wakala, mteja hubaki na ankara tu, na hulazimika kurudi kwenye hesabu ya fedha hata asipotaka. Kifungu kimoja katika mkataba, kinachomtaka wakala ampe mteja takwimu za matumizi na za kaboni za kila mwezi, kinaondoa tatizo hilo.

Yanayoombwa

Si kila kampuni inahitaji yote haya. Kwa kiwanda cha saruji, kaboni ya wingu ni ndogo mno kando ya tanuri, na makisio ya fedha yaliyotajwa wazi kuwa makisio yanatosha. Kwa benki, kampuni ya simu, bima au huduma ya malipo, ambazo mifumo ya kompyuta ndiyo mitambo yake, uzito wa jambo ni mwingine. Kwa hiyo taasisi za wahasibu zinaombwa kutoa mwongozo wenye mambo yafuatayo, ukilenga kwanza taasisi zitakazotangulia katika ratiba.

Kwanza, mwongozo uweke ngazi ya takwimu za wingu: juu kabisa takwimu za mtoa huduma zilizolinganishwa na makadirio ya matumizi, kisha makadirio ya matumizi peke yake, na chini makisio ya fedha. Kila kampuni itaje ni asilimia ngapi ya kaboni yake ya wingu imetoka katika kila ngazi.

Pili, hesabu kwa mahali itolewe daima. Hesabu kwa mkataba iwekwe kando yake kwa anayetaka, na zisichanganywe. GHG Protocol ilifungua mwaka 2025 mashauriano ya umma kuhusu kuukaza mwongozo wake wa Wigo 2, yakiwemo mapendekezo ya kulinganisha umeme safi na matumizi saa kwa saa. Kampuni zitakazokuwa na takwimu za kina zitayapokea mabadiliko hayo bila kuanza upya.

Tatu, mwongozo uonyeshe kwa mfano kamili mahali pa kila mstari: huduma ya wingu yote katika Wigo 3, kundi la kwanza, na masharti ya lini seva za kampuni katika kituo cha kukodi zinaingia Wigo 2.

Nne, faili la chanzo, toleo la kanuni na kumbukumbu ya marekebisho vitunzwe kwa muda uleule unaotakiwa kwa hati za fedha.

Tano, taasisi hizi zitumie sauti yao kuzishawishi mamlaka za nishati na mazingira, zikiwemo EPRA na NEMA nchini Kenya, EWURA na NEMC nchini Tanzania, kutangaza kila mwaka, kwa tarehe inayojulikana, kigezo rasmi cha gridi ya taifa katika faili ambalo mifumo inaweza kulisoma. Bila kigezo hicho kila kampuni itachagua chake, na ripoti mbili za mtaa mmoja hazitalinganishika.

Sita, mitaala ya mafunzo endelevu ya wahasibu ijumuishe somo la vitendo: kuvuta takwimu za mwezi mmoja, kuzigeuza, kuzilinganisha na kuzifunga. Mhasibu aliyeifanya kazi hiyo mara moja kwa mikono yake hatadanganyika kirahisi na namba isiyo na chanzo.

Taasisi za wahasibu zikilisema hili kabla ya Januari 2027, kampuni zitajenga mifumo yake sawasawa tangu mwanzo na kwa gharama ndogo. Zikinyamaza, kila kampuni itajijengea lahajedwali lake, na miaka mitatu baadaye kazi itakuwa kuyabomoa. Mwongozo huo utolewe mwaka huu.